Majalada ya Oswald

Oswald hataki niandike haya. Nilipomwomba ruhusa alishusha miwani akasema, "Dada Wanjira, mambo ya wateja hayaandikwi." Nikamjibu kwamba siandiki ya wateja, naandika yake yeye, wateja wamejiingiza wenyewe, na niliowataja kwa majina wamekubali kwa vinywa vyao. Akarudi kwenye gundi yake. Kwake hiyo ni ruhusa, au mimi nimeamua hivyo.

Tuna chumba kimoja mimi na yeye, Gatsata, hapa Kigali, ukipanda kutoka Nyabugogo, pale gereji zinapokwisha na ukuta wa chuo cha uhandisi unapoanza. Upande wa dirishani ni wangu: chaja, vioo vya simu, spika ndogo zenye makelele kuliko umbo lake. Upande wa ndani ni wake: mashine mbili za kopi, printa, mashine ya kukatia karatasi yenye mkono mrefu, na ndoo ya gundi ambayo nimeinusa kwa miaka kumi na mmoja. Mimi ni mtu wa Murang'a, sina subira hata ya kungoja chai ipoe. Yeye ni Mhaya wa Bukoba, na hajawahi kuharakishwa na binadamu. Ukimwambia mteja anasubiri, atakwambia na gundi nayo inasubiri.

Ana miaka hamsini na saba. Shule aliiacha kidato cha pili baba yake alipofariki, akaingia kiwanda cha uchapaji cha misheni kufagia vipande vya karatasi, akatoka humo fundi wa kujalidi vitabu. Kigali alifika mwaka 2004 akiwa na barua ya padri mfukoni, akapanga chumba hiki kwa sababu juu yake palikuwa na wanafunzi. Hakuwahi kusoma chuo chochote, lakini nakuhakikishia hakuna mwalimu hapo juu aliyesoma mambo mengi kama yeye, kwa maana Oswald husoma kila anachokifunga. Husoma kwa kusimama, kiuno kimeegemea meza, kabla gundi haijagusa karatasi. Anasema anakagua mpangilio wa kurasa. Nimeshamwona akikagua mpangilio wa kurasa huku akicheka peke yake mpaka bega linatikisika.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Ukitaka kujua wahandisi wanasoma nini wanapochoka na uhandisi, usiwaulize wao, watakudanganya. Anayejua ni Oswald, na Oswald hasemi. Haya yangu nimeyaona kutoka kwenye stuli yangu, na mimi sikula kiapo.

Wazee, kama Profesa Cyriaque aliyesomea Bujumbura miaka ya themanini, walikuwa watu wa riwaya za upelelezi za Kifaransa. Kitabu kimoja, bweni zima. Profesa bado anavyo kumi na saba, na kila kinapolegea humletea Oswald kikiwa kimefungwa gazetini kama nyama ya buchani. Fungua ukurasa wa hamsini wa kitabu chochote kati ya hivyo utakuta majina kwa penseli. Ilikuwa sheria yao: ukifika pale unamtaja muuaji na kuandika asilimia za uhakika wako. "Mke wa daktari, asilimia sabini." "Mtunza bustani, asilimia arobaini, data hazitoshi." Aliyekosea aliwapikia wenzake maharage.

Waliosoma baada ya mwaka elfu mbili walikuja na vitabu vya kufanikiwa. Amka saa kumi na moja, kunywa maji, andika malengo yako, acha marafiki wavivu. Nchi nzima ilikuwa inajengwa na kila mmoja alitaka kujijenga naye. Walipigia mistari sentensi nzuri kwa rula, mistari iliyonyooka kama ya ramani. Oswald alivitoa kopi vitabu hivyo kwa wingi hata naye akaanza kuamka saa kumi na moja, mpaka mkewe alipomwambia achague kati ya malengo na ndoa.

Hawa wa sasa wanasoma simu. Hadithi za mapenzi, za majini, za watoto wa wafalme, vipande vipande, kila kipande kinaishia mtu akizirai. Nilidhani biashara ya Oswald imekufa, kumbe zile wanazozipenda mno wanazichapisha. Nilimwuliza Alida, wa mwaka wa mwisho, kwa nini ajisumbue. "Anti, kwa simu iko watu wanakupigia kila saa," alisema. "Karatasi haipigiwi, sha." Pembeni mwa kurasa huchora ramani ya nyumba ya mhusika, kwa vipimo kamili, kisha hubishana kama kweli mtu aliyelala kitandani angeweza kuuona mlango wa jikoni.

Sasa, mlangoni mwa maktaba ya idara yao palikuwa na tangazo: VITABU VYA MASOMO TU. Lilikuwa limesainiwa na Dokta Mukeshimana, mkuu wa idara ya ujenzi, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mnyoofu kama nguzo, ambaye mimi binafsi nilikuwa nikimwona napunguza sauti ya spika zangu. Ndiyo maana ya majalada ya Oswald. Ndani, malkia mwenye wivu anamwekea mwenzake sumu kwenye uji, nje, kwa herufi za dhahabu, "Uimara wa Zege Katika Maeneo ya Mteremko." Wanafunzi waniambia kuna siku unaingia maktaba unakuta meza nzima inafuta machozi juu ya zege.

Alida ndiye aliyetuletea balaa, Mungu ambariki. Binti mchangamfu, anaongea kwa mikono. Jumatatu moja ya mwezi wa sita alishuka na flashi mbili. Ya kwanza ilikuwa na mradi wake wa mwisho: "Matangi ya Maji ya Mvua Kwenye Mapaa ya Gatsata," nakala tatu, moja ya faili la chuo na mbili za watahini wake, Profesa Cyriaque na Dokta Mukeshimana. Ya pili ilikuwa na hadithi ya mapenzi aliyoitunga mwenyewe, kurasa tisini, nakala tatu za rafiki zake.

"Hii nayo nimereta, Papa Oswald. Wekea kava yoyote."

Oswald, aliyekuwa na miradi arobaini ya watu wengine mezani, alitumia jalada lililokuwa tayari kwenye kompyuta. Lile lile la matangi. Chini yake akaongeza kwa herufi ndogo kama sisimizi: "Kiambatisho." Vitabu sita, rangi moja, unene mmoja. Na niseme ukweli, aliyevipanga kwenye mifuko miwili ni mimi, maana yeye alikuwa anakagua mpangilio wa kurasa.

Jumatano ya wiki iliyofuata, asubuhi, Alida akaja mbio, hana rangi.

"Nimekwisha. Papa Oswald, nimekwisha kabisa." Akaweka kitabu kimoja mezani. "Kaze, rafiki yangu, amesoma hii mpaka ukurasa wa makumi tatu. Anangoja mapenzi ianze. Ananiambia, Alida, hii hadithi yako iko na matangi tu!"

Oswald akakifungua. Ulikuwa ni mradi. Kama mradi uko kwa Kaze, basi hadithi iko kwa mtahini. Na Alida alikuwa ameshapigiwa simu: aende ofisini kwa mkuu wa idara saa nne, yeye pamoja na aliyefunga kitabu. Siku ya kuutetea mradi ilikuwa Ijumaa. Ikifutwa kwa kosa la kuwadhihaki watahini, angerudia mwaka mzima, na kampuni ya kujenga matangi iliyokwisha kumwahidi kazi isingemngoja.

Nilifunga upande wangu nikawafuata. Mifuko niliipanga mimi, na isitoshe, sikuwa tayari kuhadithiwa.

Tukiwa kwenye ngazi za chuo nilimbana Oswald. "Watakuuliza haya majalada ya uongo yalianza lini. Utasema nini?"

"Nitasema kosa ni langu."

"Najua kosa ni lako. Aliyekuomba jalada la kwanza ni nani?"

"Mwanafunzi mmoja," akasema. "Zamani. Elfu mbili na saba. Mjomba wake aliyekuwa akimlea hakutaka kuona riwaya nyumbani." Alipokuwa akisema hivyo macho yake yalipanda mpaka dirisha la ghorofa ya pili, lenye pazia la kijani, la ofisi ya mkuu wa idara. Nikayafuata. Nikasimama pale pale kwenye ngazi.

"Oswald! Ni yeye?"

"Dada Wanjira, mimi sijataja mtu."

"Basi tumepona! Mwambie tu! Mkumbushe!"

"Mtu akinikabidhi anachokisoma usiku peke yake, amenikabidhi kitu," akasema, akaendelea kupanda polepole kama anaenda kuungama. Nilitamani kumsukuma.

Ofisini Dokta Mukeshimana alikuwa amekaa wima nyuma ya meza. Mbele yake vitabu viwili vilivyofanana. Profesa Cyriaque alikuwa pembeni kwenye kiti cha wageni, mzee mwembamba mwenye sweta, uso wa mtu aliyeonewa.

"Tulikutana jana kulinganisha maksi," Dokta alisema. "Mimi nimempa huyu mutoto makumi saba na nane. Hesabu iko safi, michoro iko safi. Nauliza Profesa, wewe umempa ngapi? Ananiambia makumi sita na mbili."

"Na mbili, ndiyo," alisema Profesa. "Bon, mimi nilisoma ukurasa kumi, nikasoma makumi mbili, calcul, hesabu, hamuna. Nikasema, ngoja. Waraka wa chuo unasema sasa kila mradi uwe na sauti ya jamii. Nikasema, voilà, hii ndiyo sauti ya jamii. Iko ndefu, lakini iko sauti."

Aliisoma yote. Kurasa tisini za mapenzi, akingojea hesabu zianze. Na aliisahihisha. Dokta alifungua nakala ya Profesa tukaona wino mwekundu pembeni. Pale msichana anapomwambia kijana atampenda milele, Profesa ameandika: "Kipimo?" Pale kijana anapotoweka miezi miwili: "Sababu haijaelezwa. Fanya utafiti zaidi." Na ukurasa wa arobaini na moja, pale wapenzi wanapopanda juu ya tangi la maji kutazama taa za mji: "Mbao hizi hazitabeba. Watakufa."

Niliuma ulimi ili nisicheke. Alida alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kwangu hii ni dharau," Dokta akasema, na chumba kikapoa. "Profesa ana miaka makumi tatu na tano ya kufundisha. Wewe unamupa hadithi ya mapenzi na kava ya mradi. Naona nifute utetezi wa Ijumaa."

"Dokta, rwose, kweli kabisa, sikufanya makusudi," Alida alisema.

Oswald akapiga hatua mbele. Alikuwa amevaa koti la harusi, kumbe alilifunga kwenye mfuko akalivaa mlangoni. "Mama, samahani sana. Binti hana kosa. Jalada niliweka mimi, na kitabu kilichanganywa dukani kwangu. Kama kuna adhabu, ni yangu."

"Na hii tabia ya kuweka kava za uongo, Oswald, wewe umeianza lini?"

"Siku nyingi kidogo, mama."

"Kwa nani? Nitajie. Nataka kujua ni wanafunzi gani wanafanya maktaba yangu mchezo."

Nilimfinya. Nilimfinya mkono kwa kucha, Mungu anisamehe. Sentensi moja tu ilitosha: wewe, Dokta, wewe ndiye wa kwanza. Alida angepona, duka lingepona, na mimi ningefurahi mwezi mzima.

"Nisamehe, mama. Wateja wangu sitaji," alisema Oswald.

"Hata kama chuo hakitakuletea kazi tena?"

Alivuta koti likae sawa. Nusu ya mkate wake hutoka kwenye ukuta ule. "Hata hivyo."

Nilimkasirikia sana wakati ule, na niliona fahari juu yake, vyote kwa pamoja, nikashindwa nianze na kipi.  Dokta Mukeshimana alikuwa anamtazama Oswald, na Oswald alikuwa anatazama sakafu kwa adabu, mikono nyuma. Nadhani ndipo Dokta alipoelewa kwamba mzee huyu anamkumbuka vizuri kabisa, na kwamba angekaa vile mpaka jioni bila kusema. Uso wake ukaanza kubadilika kutoka shingoni kwenda juu.

"Profesa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Ile kitabu yangu ya mwaka wa tatu. 'Mbinu za Kupima Udongo, Juzuu ya Pili.' Unaikumbuka?"

"Naikumbuka!" alisema Profesa. "Ulikuwa unaisoma kila siku, hata kwa kula. Mimi nilisema mbele ya darasa yote, muone Mukeshimana, huyu ndiye anapenda udongo!"

"Haikuwa udongo, Profesa."

Profesa Cyriaque alimtazama. Kisha akamtazama Oswald, aliyekuwa bado anasoma sakafu. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini cha mtu mwembamba, mpaka akatoa leso. "Ndiyo maana Juzuu ya Kwanza niliitafuta maktaba mwaka muzima!" Hapo na mimi nikashindwa kujizuia, Alida akafuata, na mwisho mkuu wa idara mwenyewe aliweka paji la uso juu ya meza, mabega yanaruka.

Alipoinua uso aliyafuta macho haraka. "Ijumaa saa tatu," alimwambia Alida. "Profesa atasoma nakala ya kweli. Na usichelewe."

Ijumaa hiyo ukumbi ulijaa, maana habari zilikuwa zimepanda na kushuka mlima. Mimi na Oswald tulikaa nyuma. Alida aliutetea mradi wake vizuri, mikono ikiruka, na kila swali alilijibu kabla halijakwisha. Oswald alikuwa amekunja programu yake mara nane, mpaka ikawa ndogo kama stempu. Halafu Profesa Cyriaque akainuka.

"Nina swali moja, liko nje ya mradi. Ukurasa wa arobaini na moja."

Ukumbi ukalipuka. Alida hakucheka. Alikwenda ubaoni akachukua chaki.

"Profesa, ile tangi ya hadithi ni hii hii ya mradi, lita elfu mbili. Mbao ni zile zile, ukurasa wa kumi na tisa. Maji peke yake ni kilo elfu mbili. Kijana nimemuweka kilo makumi sita na tano, msichana makumi tano na tano." Akajumlisha, akagawanya, akapigia mstari. "Mapenzi yao, Profesa, iko asilimia sita tu ya uzito wa maji. Mbao zinabeba."

Profesa alivaa miwani, akaja mpaka ubaoni, akafuata kila mstari kwa kidole.  "Zinabeba," akasema. "Wataishi." Hata walinzi wa mlangoni walipiga makofi. Alida alipata themanini na moja, na alipotoka alimrukia Oswald shingoni mpaka miwani ikamdondoka, na Oswald, ambaye hajui kukumbatiwa, alibaki amenyoosha mikono kama mtu anayepimwa suti.

Jumatatu Dokta Mukeshimana alishuka dukani mwenyewe, mchana kweupe. Sikupunguza spika. Alinisalimia, akapita hadi upande wa ndani, akaegemea meza ya kukatia karatasi.

"Oswald, nimetoa lile tangazo la maktaba," alisema. "Lakini nimekuja na swali. Wewe umesoma vitabu ya wazee, umesoma yetu, unasoma ya hawa watoto. Miaka yote hii hakuna mutu amekuuliza. Kizuri kuliko vyote ni kipi?"

Ni kweli. Hata mimi, miaka kumi na mmoja, nimemtania kwa kusoma kwake na sijawahi kumwuliza. Oswald aliweka brashi ya gundi chini. Alinitazama, akamtazama yeye.

"Mama, unaniruhusu?"

"Nakuruhusu."

"Ni kile chako. Cha yule muuguzi na dereva wa lori. Nilikisoma mara mbili kabla ya kukukabidhi. Ndiyo sababu kilichelewa siku tatu."

"Wewe!" Dokta alipiga meza kwa kiganja. "Siku tatu nakuja hapa, siku tatu unaniambia mashine imekufa!"

"Mashine ilikuwa nzima, mama," alisema Oswald. "Mimi ndiye nilikuwa nalia."

Dokta Mukeshimana alivuta stuli yangu bila kuniomba, akaketi, akamwuliza alianza kulia ukurasa gani.